Ripoti Niliyoikana Mbele ya Jaji

Siku yangu ya kwanza kazini, bosi aliviangalia viatu vyangu kabla ya kuniangalia usoni. Vilikuwa vyeusi, vya kufunga kamba, na nilikuwa nimevipiga kiwi mara mbili asubuhi ile. "Wewe ndiye ofisa mpya?" akauliza. Nikasema ndiyo, mheshimiwa. "Rudi nyumbani ulete gambuti. Mtu wa viatu kama hivi huishia pale lami inaishia, halafu anakuja kunidanganya kwa karatasi." Nikarudi. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri ya kujitambulisha, na sikupata nafasi ya kusema hata moja.

Hiyo ilikuwa Kericho, ofisi ya chumba kimoja nyuma ya mahakama, meza mbili na taipureta moja. Cheo cha bosi siku hizo kilikuwa Afisa wa Probesheni wa Wilaya. Alikuwa mzee mfupi kutoka milima ya Kisii, mwenye sauti ya chini na hasira iliyokaa karibu. Kazi yetu wengi hawaijui hadi leo. Polisi huuliza nani alifanya. Wakili huuliza sheria inasemaje. Sisi watu wa probesheni huuliza huyu mtu ametoka nyumba gani, na akirudi huko leo, nini kitatokea. Kisha tunamwandikia hakimu au jaji ripoti, naye anaamua akiwa na picha ya mtu kamili, si jina kwenye faili tu.

Bosi alinifundisha kwa kunigombeza. Ukifika kwa mtu, kunywa chai yake kabla ya kutoa kalamu. Anayesema sana usimwandike sana. Na kubwa kuliko yote: mtu muulize akiwa peke yake. "Mke wa mtu ukimwuliza mbele ya wazee," aliniambia, "hujamwuliza yeye, umewauliza wazee." Hilo nililijua tangu mwezi wa kwanza. Nawaambia mapema ili mjue kwamba kosa nitakalolisimulia halikuwa la kutojua.

Nilihamishwa mara tatu. Nilipelekwa Sotik, nikawa nazunguka masoko ya Ndanai nikifuata kesi za ng'ombe na mipaka ya mashamba. Kutoka huko nikapelekwa Bomet, nikaishi Longisa miaka mingi, watu wakinijua kwa jina la Bwana Propesheni, na watoto wao wakidhani hilo ndilo jina nililobatizwa. Mwisho nikarudishwa Kericho nizeekee pale nilipoanzia. Taipureta ilikuwa imeondoka na kompyuta zimeingia, na vijana wa ofisi walikuwa wanaandika ripoti ya boma ambalo wameliona kwa simu. Aii, tuligombana sana nao! Nilijiona mimi ndiye mwalimu wao.

Mwaka wangu wa mwisho ndipo kesi ile ilipokuja. Mnaijua. Hata mtu asiyejua njia ya kwenda Kimulot aliisikia kwenye redio. Jina la kijiji chenyewe, kule Kimulot, nitaliacha, maana watu wale wameandikwa vya kutosha. Mchana mmoja, kwenye banda la kununulia majani chai, wakulima wakiwa kwa foleni wakingoja kupimiwa, bunduki ya serikali ililia. Watu watano walikufa, na mmoja wao alikuwa karani wa mizani. Waliojeruhiwa walikimbizwa hospitali ya Longisa wakiwa wamelazwa juu ya magunia ya majani mabichi.

Palikuwa na polisi wa akiba wawili bandani, vijana wa huko huko ambao serikali iliwapa bunduki wawalinde watu na wezi wa mifugo. Mmoja alikuwa kati ya wale waliokufa. Wa pili ndiye aliyeshtakiwa. Yeye alisema mwenzake ndiye aliyeanza kupiga watu, na kwamba alimwua ili kuokoa waliobaki. Kwa maneno yake, alistahili shukrani. Baada ya mlio wa kwanza kila mtu alijitupa chini kifudifudi, kwa hivyo kesi nzima ilisimama juu ya swali moja: bunduki iliyolia kwanza ilikuwa ya nani? Ni mtu mmoja tu aliyewaambia polisi kwamba aliona. Nitamwita Mama Chelangat. Alikuwa mke wa yule karani wa mizani, na alikuwa mbele kabisa ya foleni, kikapu mgongoni, mumewe akiandika kilo zake.

Vijana hufikiri kesi ni ile siku shahidi anaapishwa. Sivyo. Kabla ya hapo kuna miezi ya kazi ya polepole ambayo watu wa kamera hawana subira nayo. Kwanza mshtakiwa aliletwa kortini ili polisi waruhusiwe kumzuilia wakimaliza uchunguzi. Kisha akapelekwa kwa daktari kuangaliwa akili, kwa sababu mtu asiyeelewa lake hawezi kujibu shtaka la mauaji. Daktari akasema akili ni timamu. Ndipo akasomewa mashtaka. Mkalimani aliyasoma moja moja, kila marehemu kwa jina lake, kwa Kiswahili halafu kwa Kikipsigis, na mara tano yule kijana akajibu, "Si kweli."

Wapiga picha walikuwa wengi kuliko jamaa wa marehemu. Jaji alikuwa mama mmoja ambaye hakuwa wa kwetu, mpole wa sura, asiyependa kelele. Aliruhusu kamera mpaka mshtakiwa aingie kizimbani, baada ya hapo zikafungwa. Kisha akaagiza upande wa mashtaka umpe wakili wa utetezi maelezo ya mashahidi. Sheria haitaki mtu aviziwe. Lazima ajue mapema ni nani atasema nini juu yake, ajiandae. Ni sheria nzuri, nami naiunga mkono mpaka leo. Lakini bahasha ya maelezo hayo ilipofunguliwa, jina la Mama Chelangat lilifika nyumbani kwa mshtakiwa siku hiyo hiyo. Na nyumba zile mbili zimepakana, katikati kuna ua wa sipresi tu.

Wakili wa utetezi akaomba dhamana. Katiba yetu inampa kila mshtakiwa haki hiyo, hata wa mauaji, isipokuwa kuwe na sababu nzito ya kumnyima. Na sababu nzito kuliko zote ni shahidi kutishwa. Jaji akasema hawezi kuamua akiwa amekaa Kericho. Akaagiza ripoti ya probesheni ndani ya siku kumi na nne.

Mkurugenzi wetu wa kaunti alikuwa kijana niliyemfundisha kazi mwenyewe. Aliniita, akafunga mlango. "Mzee, hii ni yako," akasema. "Nikimpa kijana, magazeti yatamla mzima." Nikavimba kichwa. Nilimjibu kwamba angempa mwingine yeyote ningekata rufaa. Tukacheka, akanipa gari la ofisi na dereva.

Hapo ndipo nilipoanza kukosea. Gari la serikali haliingii kijijini peke yake. Tulimchukua naibu wa chifu, naye akachukua wazee wanne, na kufika kwetu tukawa kama wageni wa harusi. Tulianza kwa mama wa mshtakiwa. Alikuwa mwanamke mrefu, amefunga kitambaa kichwani, akatumiminia mursik, maziwa yetu ya mgando. Nikamwuliza siku ile alikuwa wapi. "Nilikuwa nyumbani nikikamua," akasema. "Nilisikia tu mlio." Akasema mwanawe alikuwa mtoto wa kutumwa popote. Nikaandika. Yule mama alinitia huruma, sitaficha.

Kisha tukazunguka ua tukaingia kwa Mama Chelangat. Wazee wakakaa kwenye viti, yeye akasimama mlangoni akiwa ameshika birika. Tukanywa chai. Mzee mkubwa akasema, "Bwana Propesheni, sisi hapa ni watu moja. Tumeoana, tunazikana. Hii maneno tunataka ipoe. Kijana akirudi, hakuna mtu atamguza, na yeye hataguza mtu." Wengine wakaitikia. Nikamgeukia mjane. "Mama, una pingamizi akirudi?"

Akaangalia birika. "Sina."

"Kuna mtu amekutisha?"

"Hakuna."

Nikaandika: mjane hana pingamizi. Nilimwuliza mbele ya wazee wanne na naibu wa chifu, mimi niliyekuwa nagombeza vijana kila Jumatatu! Kwa nini? Nilikuwa nimechoka, gari lilikuwa linangoja, na kila mtu alikuwa akiniita mheshimiwa. Tukitoka, niliona shamba lake la chai. Mistari ya chini ilikuwa imechunwa safi, imelala sawa kama meza. Mistari ya juu, ile inayopakana na ua wa sipresi, ilikuwa imeachwa mpaka chai imefika mtu kifuani. Nikasikitika, nikajisemea maskini, mjane hana mikono ya kumsaidia. Siku ya kumi na mbili nikapeleka ripoti kortini. Nilipendekeza dhamana.

Jioni hiyo nilikuwa nyumbani nikimsimulia mama watoto jinsi nilivyoimaliza kesi kubwa kuliko zote. Yeye ni mkulima wa chai, mimi chai naijua kwa kikombe tu, kama anavyopenda kuwaambia watu. Nikataja ile mistari iliyomea.

"Mistari ya juu?" akauliza. "Karibu na barabara?"

"Ndiyo."

"Na ile ya chini, kule bondeni, amechuna?"

"Safi kabisa."

Akaweka sufuria chini. "Baba Kiprono, wewe ni mtoto wa nani kweli? Mtu akikosa mikono anaacha ya bondeni, mahali pa kupanda na mzigo. Ya karibu na barabara hata mgonjwa atachuna. Huyo mama mikono anayo. Anaogopa kusimama pale juu."

Nilimwona yule mwanamke mlangoni na birika lake, na nikasikia aibu, aibu kabisa, ya mtu mzima. Uamuzi wa jaji ulikuwa siku tatu mbele. Kijana yule akitoka, Mama Chelangat hangesimama kizimbani kamwe, na swali la bunduki ya kwanza lingezikwa pamoja na wale watano. Na karatasi ya kumfungulia mlango ilikuwa na sahihi yangu.

Asubuhi nilivaa gambuti. Sikuomba gari. Nilishuka matatu mbali na kijiji, nikapita njia ya bondeni nikitembea katikati ya chai, umande ukinilowesha hadi mapajani. Nilimkuta akichuna mstari wa chini. Hakushtuka, ila aliangalia nyuma yangu aone nimekuja na nani.

"Chamgei, Mama Chelangat. Niko peke yangu."

"Karibu," akasema, na mikono haikusimama. Mwanamke anayechuna chai huwezi kumsimamisha uongee naye kama karani wa benki. Nikasimama upande wa pili wa mstari nikaanza kuchuna, majani mawili na ncha. Tulikwenda hivyo mpaka nusu ya mstari.

"Unavunja," akasema mwishowe. "Hilo jani ni kuukuu. Watalirudisha."

"Mke wangu husema hivyo hivyo."

Akacheka kidogo. Nikamwambia, "Mama, nilikuja juzi nikakuuliza vibaya. Nimekuja kukuomba msamaha, na kukuuliza tena kama unaweza kunijibu. Ile chai ya juu huchuni kwa nini?"

Alichuna konzi mbili zaidi, akazitupa kikapuni. "Nikifika pale juu," akasema, "ndugu yake anatoka kwa nyumba. Anasimama kwa ua. Watoto wangu wakiwa nami, anawanyoshea kidole mmoja mmoja, anahesabu. Kwa sauti. Anahesabu mpaka anamaliza. Halafu anarudi ndani."

"Anasema nini kingine?"

"Hasemi kitu ingine. Aseme nini tena?"

Wageni watauliza kuna ubaya gani hapo. Kwetu mtoto wa mtu hahesabiwi. Hata mama mwenyewe ukimwuliza ana watoto wangapi atakwambia Mungu amembariki, au atakutajia majina. Kuhesabu watoto wa mwenzako, kwa kidole, mbele yake, ni kumwambia hesabu hiyo inaweza kupungua.

"Ilianza lini?"

"Wiki ile jina langu lilitoka kortini. Nilimwambia naibu wa chifu. Akaniambia, mama, mtu kuhesabu si kosa. Yeye ni jamaa yao, ulijua?" Sikuwa nimejua. Sikuwa nimeuliza. "Wewe ukaja na yeye kwa gari, mkakaa na wazee kwa viti vyangu. Mimi ningesema nini? Nyinyi mngeenda, mimi ningebaki." Macho yalimjaa machozi, akayafuta na bega kwa sababu mikono ilikuwa na kazi. "Baba Chelangat alianguka akiangalia mimi. Nataka kusema vile niliona. Lakini nikisema halafu nipoteze mtoto, nitakuwa nimesemea nani?"

Siri ya mtungi aijuaye kata. Nilimwomba ruhusa ya kuyapeleka maneno yale kwa jaji. Alifikiri mpaka mwisho wa mstari, kisha akasema nipeleke.

Mkurugenzi alipoisoma ripoti ya nyongeza niliyoiandika alishika kichwa. "Mzee, hii utaulizwa mbele ya kamera. Watasema umelewa uzee. Umebakisha miezi mitatu uende nyumbani na jina safi!" Nilimwambia jina langu halina watoto wa kuhesabiwa. Akaipiga mhuri.

Siku ya uamuzi jaji aliniita mbele badala ya kuusoma. Ukumbi ulikuwa umejaa. Nikasema, "Mheshimiwa Jaji, ripoti ya kwanza ni yangu na ni mbovu. Nilimwuliza shahidi mbele ya watu asioweza kuwapinga. Naomba isitegemewe." Nikaeleza niliyoambiwa. Sikusema kijana ana hatia, hiyo haikuwa kazi yangu na sikuijua. Nilisema tu kwamba shahidi anatishwa, na anavyotishwa.

Wakili wa utetezi alisimama, kijana wa Bomet, suti imemkaa vizuri. "Ofisa, umefanya kazi hii miaka mingapi?"

"Zaidi ya thelathini."

"Na hujui kumwuliza mtu akiwa peke yake?"

"Najua. Siku hiyo sikufanya."

Watu wakaguna. Akamgeukia jaji akitabasamu. "Mheshimiwa, nimelielewa ombi hili. Mteja wangu anyimwe haki yake ya katiba kwa sababu ndugu yake anajua hesabu." Lo! Waandishi wa kutoka Nairobi waliangua kicheko. Upande waliokaa watu wa Kimulot hakuna aliyecheka, na nadhani jaji aliliona hilo. Alingoja kelele ziishe.

"Wakili," akasema kwa upole, "wewe ni mzaliwa wa hapa?"

"Wa Bomet, Mheshimiwa."

"Una watoto?"

"Ninao, Mheshimiwa."

"Wangapi?"

Yule kijana alifungua mdomo. Akaufunga. Akaangalia karatasi zake kana kwamba jibu limeandikwa humo. "Mungu amenibariki, Mheshimiwa."

"Sikuuliza baraka. Nimeuliza idadi."

Ukumbi ulitulia hata nikasikia mvua ikianza kwenye mabati. "Naomba korti inisamehe," akasema wakili, na sasa sauti yake ilikuwa ya mtoto wa kwao, si ya suti.

"Korti imekusamehe. Karani, andika kwamba wakili ameomba asijibu." Kisha akauandika uamuzi wake pale pale kwa mkono. Dhamana ilikataliwa mpaka Mama Chelangat amalize kutoa ushahidi. Yule ndugu aliitwa kuonywa, na shahidi na watoto wakahamishiwa mahali ambapo mimi mwenyewe sikuambiwa. Nilipotoka, mama wa mshtakiwa alinipita kwenye varanda bila salamu. Sikumlaumu. Nilikuwa nimekunywa mursik yake, kisha nikamfungia mwanawe.

Magazeti yaliniandika siku mbili: ofisa ageuza ripoti. Vijana wa ofisi walikuwa na adabu, hawakunitania, na hilo liliniuma kuliko kutaniwa. Siku ya kustaafu walinipa blanketi na saa ya ukutani, mkurugenzi akahutubia mpaka keki ikakauka. Nilipoombwa niseme neno, niliwaambia ukweli. Kwamba nilikuwa na hakika uzee umenipa macho, kumbe ulikuwa umenipa kiti tu. Kwamba makosa mengi ya kazi hii hayatokani na ujinga wala hongo. Hutokana na kutaka siku iishe vizuri, kila mtu akubaliane, chai inywewe, twende. Na kwamba ripoti mbovu hurekebishwa na yule aliyeiandika, mapema, kabla haijawa uamuzi. Mkipata aibu, ipateni mkiwa bado na siku tatu.

Sasa niko nyumbani. Mama watoto amenipa mistari yangu ya chai, na huja kukagua. Nimezoea. Kinachonisumbua ni asubuhi za Jumatatu, mwili huamka tayari kwenda kortini.

Kesi ilipoanza kusikizwa nilikuwa raia. Nilikwenda, nikakaa nyuma. Mama Chelangat aliitwa wa kwanza. Aliapa, akasimama wima, na alipoulizwa bunduki ya nani ililia kwanza alimwonyesha mshtakiwa kwa mkono mzima. Wakili alimhoji mpaka saa sita. Alimwuliza kuhusu vumbi, jua, kikapu, umbali, hofu. Hakuyumba hata mara moja. Nilijikuta nalia, mzee mzima, na sikujali ni nani ananiona.

Mama wa mshtakiwa alisimama kabla korti haijavunjika, akatoka. Nilitoka baadaye nikamkuta kwenye benchi la varanda, peke yake. Nilitaka kupita.

"Keti, ofisa."

"Mimi si ofisa tena, mama."

"Basi keti tu."

Nikaketi. Alikunja na kukunjua kitambaa. "Huyo mama amesema vile ilikuwa," akasema. "Mimi nilikudanganya. Sikuwa nakamua. Nilikuwa kwa foleni, nyuma yake, watu watatu tu katikati yetu. Nilimwona mwanangu akiinua bunduki, nikamwita kwa jina. Akageuka akaniangalia, akanijua. Halafu akapiga."

Nilimshika mkono. Tukakaa hivyo mpaka askari wakamtoa mwanawe kumrudisha rumande.